Oili Haikuwemo

Siku ya kwanza kumwona Athanasie Mukankusi nilidhani amekuja kuuza maandazi. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2019, kwenye yadi yetu ya Gahanga. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa kampuni inayowapeleka wageni kutazama ndege kwenye maziwa ya Bugesera. Mashua zilibaki huko ziwani, lakini injini na petroli zilirudi kwangu Gahanga kila wiki. Akaingia mama mfupi, mnene kidogo, amefunga kitenge juu ya suruali, mkoba begani. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jerikani zangu za njano zilizopangwa ukutani, akafungua ya kwanza akanusa, akafungua ya pili akanusa, akatema mate chini.

"Nani mwenye takataka hii?"

Nilisema ni mimi. Nilisema kwa sauti ndogo, maana ndiyo niliyo nayo.

"Esansi hii ina umri gani?"

Sisi wa Kigali petroli tunaiita esansi, lakini sikuwahi kusikia kwamba ina umri. Nikamwambia, "Ni ya Krismasi, mama."

"Ya Krismasi! Wewe leo ungekula wali wa Krismasi?"

Akatoa chupa ya kioo kwenye mkoba, akavuta petroli ya chini kabisa kwa mpira, akaiweka chupa juani kwenye ukingo wa dirisha. Akaniamuru nisimame hapo niitazame. Madereva wawili walikuwa wanakunywa chai, wakaacha chai ili wanione ninavyoitazama chupa. Baada ya muda ukatokea mstari. Juu petroli, chini maji, kina cha kidole kimoja.

"Unafuga samaki humu, kijana?"

Madereva walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilikasirika siku nzima. Mama nisiyemjua amenitukana mbele ya watu, na baya zaidi, maji nimeyaona kwa macho yangu. Jioni nilizifungua jerikani zote kumi na moja, nikaanza kuchuja. Ndipo nikaambiwa kwamba huyo ndiye fundi mpya wa injini.

Alizaliwa Rumonge, upande wa Burundi, kando ya ziwa Tanganyika, kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Baba yake alitengeneza injini za wavuvi. Alikuwa na mabinti wanne tu, na injini za watu hazikuweza kungoja azaliwe mtoto wa kiume, kwa hiyo Athanasie alishika spana akiwa na miaka minane. Alikuja Kigali mwaka 1995, binti yake Annick mgongoni. Akapata kazi kwenye gereji moja ya Muhima. Wanaume wa pale walimpa kazi ya kuosha vyuma na kuchemsha chai. Aliosha na kuchemsha miaka mitatu.

Siku moja ikaletwa injini ya mashua kutoka Kivu. Mafundi wa pale walijua magari, wakahangaika nayo siku mbili wakivuta kamba mpaka mikono ikavimba. Athanasie alipeleka chai, akaweka birika chini, akauliza jambo moja tu: mafuta yametoka wapi? Akanusa tangi. Ilikuwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Akaimwaga, akafungua kabureta, akaisafisha, akaining'iniza injini kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara mbili. Ikawaka. Mwenye gereji akatoka ofisini, akampa mteja mkono, akamwambia, "Unaona? Nimekutengenezea."

Hadithi hiyo alinisimulia mara nyingi, na kila mara alikasirika upya, kana kwamba birika lile bado liko chini. Nami nikazoea kukasirika pamoja naye. Ilikuwa njia yetu ya kuongea. Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma mpaka darasa la sita, na hata darasani nilikaa nyuma ya mwenzangu mrefu ili mwalimu asinione.

Alichotaka kwangu hakikuwa kikubwa, ila alikitaka kila siku. Petroli inunuliwe kwenye kituo chenye wateja wengi, kwa sababu huko haizeeki kwenye tangi. Nikikuta lori linajaza tangi la kituo, nigeuke nirudi baadaye, maana uchafu wa chini umevurugwa. Jerikani nijaze mpaka shingoni. Ile ya nusu hutoa jasho ndani, na jasho ni maji. Na jerikani ya maji isikutane na petroli hata mara moja. Hapa kwetu jerikani zote za njano ni ndugu: imeanza na mafuta ya kupikia, ikaenda bombani, ikaishia kwa mtu kama mimi. Athanasie alizipaka zetu pete nyekundu shingoni, akawatangazia wote wa yadi: "Atakayechota maji na yenye pete, nitasimama hapa mpaka ayanywe."

Kisha oili. Injini zetu zilikuwa za aina ya zamani, zisizo na oili yao wenyewe ndani. Oili huja imechanganywa na petroli, na isipokuja, chuma kinasugua chuma. Kipimo chake kilikuwa chupa moja ya Fanta na theluthi kwa kila lita ishirini. Na iwe oili ya injini za majini, isiwe ya pikipiki. Nilimuuliza kwa nini, maana ya pikipiki inauzwa kila kona.

"Pikipiki inapanda mlima, inapigwa na upepo. Injini ya mashua inanyonya maji baridi ya ziwa saa zote. Utawapikia chakula kimoja?"

Oili tulinunua Muhima, kwa Swafiya, mwanamke Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Athanasie alimwamini yeye peke yake kwamba hafungui makopo akaongeza kitu.

"Swafiya, leo umechanganya na chai, au bado?"

"Nimechanganya na maji ya miguu yako. Kaa chini, mama wa grisi, na usiguse kitu changu cheupe."

Hivyo ndivyo walivyopendana.

Watu wanasema Athanasie alizikataa dawa zote za petroli. Si kweli, na wanaosema hivyo wananiudhi. Kila masika, injini zilipokwenda kulala miezi miwili au mitatu, yeye mwenyewe alitia dawa ya kutunza petroli. Aliitia kwenye petroli mpya, akaendesha injini dakika kumi ndani ya pipa ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta. Petroli iliyokwisha kunuka kama rangi ya ukuta hakuitia dawa. Aliitoa. "Dawa hii inachelewesha uzee," aliniambia. "Haifufui maiti." Na tena: "Kila dawa ina ugonjwa wake. Mtu akikuambia yake inaponya yote, mwulize kama inaponya na uongo."

Sasa nifike kwa Ntare.

Ntare ndiye mwenye kampuni. Alikulia Kampala, anakaa Nyarutarama kwa matajiri, ana maneno mazuri kwa kila mtu na hukumbuka majina ya watoto wako. Shemeji yake anaitwa Keith. Mwaka 2023 Keith alileta katoni za chupa ndogo zenye maji ya bluu. Akasema ni dawa inayosafisha, inayolainisha na kuongeza nguvu. Athanasie aliichukua moja, akavaa miwani, akasoma karatasi yake polepole mpaka mwisho.

"Hii ni ya magari," akasema. "Ya kusafisha zile sindano zinazopuliza mafuta. Injini zangu hazina sindano."

"Mama, imeandikwa inalainisha," Keith akasema. "Kulainisha si ndiyo kazi ya oili?"

"Hata mafuta ya kujipaka yanalainisha. Jipake magotini, halafu kasugue magoti yako kwenye lami, uje utuonyeshe."

Yadi nzima ilicheka. Keith hakucheka, na Ntare, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alitabasamu kwa mdomo tu. Katoni zikabaki kwenye kona ya stoo yangu.

Mwezi wa saba, Athanasie alikwenda Huye kumzika shangazi yake. Injini ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa kuchanganya, na kuchanganya ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo aliondoka bila kuniambia neno. Wageni tisa wangeingia ziwani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ukishaisha na barabara zikishafunguliwa. Ijumaa Ntare akaja na Keith.

"Nshimiyimana, ndugu yangu," Ntare akaniambia, "wageni wanalalamika moshi. Wanasema moshi wetu unafukuza ndege waliokuja kuwaona. Moshi unatoka wapi?"

"Kwenye oili, boss."

"Basi. Weka chupa mbili za Keith kwa kila jerikani. Oili acha."

Nilijua. Naandika hivyo bila kujificha: nilijua. Nikasema, "Boss, Mama Annick amesema..."

"Mama Annick ndiye mwenye kampuni?"

Alinishika bega kwa upole alipouliza. Angenipigia kelele, labda ningekataa. Nilimimina. Jerikani nne, chupa nane, kwa mikono hii. Keith alisimama akihesabu kama mtu anayefundisha mtoto.

Jumamosi, saa saba na nusu, nahodha wetu Audace akanipigia simu kutoka ziwani. "Mlitupatia nini? Injini imelia kama mbuzi anayechinjwa, imekufa!" Walikuwa mbali na bandari. Walipiga kasia moja na ubao wa kiti kwa saa tatu, wakakwama kwenye mafunjo, mama mmoja mzee akazimia kwa jua. Walitoka salama wote. Si kwa sababu yetu.

Jumapili Ntare akanipigia. Akaniambia nimwage petroli yote iliyobaki. Nilizimwaga mbili. Moja ilikuwa imekwisha ziwani. Ya nne niliificha nyuma ya mabati.

Jumatatu Athanasie alirudi, na kabla ya chai akawa ameifungua injini. Alinionyesha pistoni. Ilikuwa na mikwaruzo juu mpaka chini, kavu, na alikuwa ameitoa kwenye silinda kwa nyundo. Alipitisha kidole, akakinusa.

"Oili haikuwemo," akasema. Hakusema kwa hasira bado. Alikuwa kama daktari. "Nani alichanganya?"

Ntare alikuwa mlangoni. Akasema, "Fundi ni wewe."

"Mimi nilikuwa makaburini. Nauliza nani alichanganya."

"Injini uliiacha tayari, au hukuiacha tayari? Wageni wangu wamekaa juani saa tatu, Athanasie. Nikuulize na mimi: umri wako huu, bado unaona vizuri?"

Akanigeukia mimi. Wote wawili wakanigeukia. "Nshimiyimana," Athanasie akasema, "uliweka oili?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi. Naikumbuka kila chembe ya vumbi lile. Ntare akasema, "Ameweka kama kawaida. Si ndiyo?" Nami nikatikisa kichwa, kile kichwa cha kukubali, ambacho nimekitikisa maisha yangu yote.

Athanasie aliweka pistoni mezani, taratibu, kama yai. Akafuta mikono, akachukua mkoba, akatoka. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Jioni ile Ntare aliweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wenye mashua, wa maziwa ya Bugesera, Muhazi mpaka Kivu. Kwa sauti yake ile nzuri alisema anamheshimu sana mama yule, ila uzee ni uzee, ameua injini, watu wajihadhari, kuna roho za watu majini. Basi ikaisha. Miaka arobaini ya spana ikaisha kwa dakika moja na nusu. Athanasie alikuwa na meza ndogo nyuma ya duka la Swafiya alipotengenezea injini za watu wengine. Wiki ile wenye injini walikuja kuzichukua kabla hazijafungwa. Mmoja alichukua vyuma vyake kwenye ndoo.

Nilipokwenda kununua oili, Swafiya alinitazama tangu kizingitini.

"Na wewe umekuja kuchukua ndoo?"

Nilisema nataka oili. Kwa sababu, mwone Ntare alivyo, tangu siku ile aliniamuru kimya kimya nirudie oili, chupa moja na theluthi, kama zamani. Alijua vizuri kilichoua injini.

"Sikuuzii," Swafiya akasema. "Huyu mama anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye meza ile, anasafisha spana safi. Spana safi, Nshimiyimana! Ukiwa na la kusema, nenda ukaliseme. Ukiwa huna, usinisimamie mlangoni, wateja wangu watadhani unauzwa."

Nilitoka pale nimekasirika. Kwa miaka mingi nilidhani hasira ni ya watu wenye sauti. Nilifika Gahanga kwa miguu, mwendo wa saa tatu, na njia nzima nilikuwa nikimtukana Ntare, nikimtukana Keith, kisha kuanzia Kicukiro nikawa najitukana mwenyewe, na huko ndiko matusi yalikonoga.

Mkutano wa wenye mashua ulifanyika wiki mbili baadaye katika ukumbi mdogo Muhima. Nilikwenda na chupa mbili. Moja nilitia petroli ya jerikani niliyoificha. Ya pili nilitia petroli tuliyochanganya vizuri. Mlinzi alinusa, akataka kunirudisha. Nikamwambia ni dawa ya viroboto. Ndani kulikuwa na watu kama ishirini na watano, Ntare mbele. Walikuwa wanaongea habari za majaketi ya kuokolea. Nikasimama. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo nikagonga kiti sakafuni.

"Mimi ndiye niliyechanganya petroli ya Ntare," nikasema.

Nilimwaga tone la kila chupa kwenye karatasi nyeupe, nikaiweka mezani mbele yao, jinsi Athanasie alivyonifundisha. Nikawaambia wangoje. Petroli hukauka upesi, oili haikauki. Tone moja liliacha duara la mafuta lililopitisha mwanga. Jingine halikuacha kitu cha maana, rangi hafifu tu ya bluu. Nikasema, "Hii ya bluu ndiyo iliyokuwa ndani ya injini. Ni dawa ya Keith. Ntare aliniambia niache oili, nami nikaiacha. Mama Annick alikuwa Huye, msibani. Alituambia dawa hii si ya injini zetu. Sote tulimsikia, tulicheka."

Ntare akasema, "Ndugu yangu, umechoka." Akainuka anishike bega. Nikaushusha mkono wake. Mzee mmoja wa Muhazi, mwenye mashua sita, aliichukua karatasi, akaielekeza dirishani, akampa jirani yake. Ilizunguka meza nzima. Jioni sikuwa na kazi tena, na kwenye kundi lao Ntare hakukana wala hakuomba radhi. Aliandika kwamba mambo ya ndani ya kampuni yabaki ndani.

Athanasie amefariki mwaka huu, mwezi wa kwanza, kwa ugonjwa wa moyo. Nilikwenda mazishini. Ntare alikuwepo na shada kubwa la maua, akapewa nafasi ya kusema, akasema amempoteza mama yake wa pili, mwanamke mpole, mnyenyekevu, asiyegombana na mtu. Mpole! Watu waliitikia kwa vichwa. Annick alitazama chini. Ndiyo sababu nimekaa kuandika haya. Hakuwa mpole. Aligombana na kila aliyetia uchafu kwenye tangi, na alikuwa na haki kila mara niliyoiona mimi.

Mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa siku mbili baada ya ule mkutano. Yule mzee wa Muhazi alikuwa ameshampelekea injini mbili, na mtu mwingine alikuwa amemwita Karongi, kwenye Kivu, akawe fundi wa mashua zake zote. Nilimkuta nyuma ya duka la Swafiya akifunga spana kwenye gunia. Nikasimama. Alijua kwamba nimesema, Swafiya alikuwa amemweleza yote.

"Nasikia ulisimama," akasema bila kuinua macho.

"Nilisimama, Mama Annick."

"Na sauti ilitoka?"

"Ilitoka."

"Wa nyuma walisikia?"

"Waliosikia ni wa mbele. Wa nyuma walisogea."

Alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akaacha, uso ukarudi ulivyokuwa. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakatoka matatu. Alifunga mdomo wa gunia kwa kamba, akavuta fundo kwa meno, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.

"Kungekuwa na mtu aliyekufa majini, ungeniomba mimi, au ungemwomba nani?" akasema. "Siku nyingine ukiona mtu anatia kwenye tangi kitu kisichofaa, mshike mkono kwanza. Aibu utaiona baadaye."